Nilivyokwenda Kumkagulia Binti Yangu Treni

Sisi watu wa Embu hatuna treni, lakini maoni juu ya treni tunayo tele. Wiki ile niliyotangaza buchani kwangu kwamba nakwenda Nairobi kupanda treni anayoipanda binti yangu kwenda kazini, kila aliyekuja kununua nyama aliniachia onyo lake. Mkulima mmoja wa kahawa kutoka Manyatta, ambaye najua kwa hakika hajawahi kufika stesheni yoyote, aliegemea meza yangu akasema, "Mzee, hiyo kitu haina breki. Ikianza kuenda imeenda." Mama mmoja wa Runyenjes akadai watu hukaa juu ya paa na hakuna anayejali wakianguka. Mwingine akasema shida si kuanguka, shida ni simu, ukiingia nayo unatoka na kava tu. Niliwacheka wote, lakini maneno yao nilikwenda nayo nyumbani.

Binti huyo ni kifungua mimba wangu. Alimaliza chuo, akapata kazi ya uhasibu katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi huko Nairobi. Walimchukua kwa majaribio, na sasa walitaka kumwajiri kabisa. Alipiga simu kutuomba ruhusa na dua. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama yangu mzazi, ambaye kwake Nairobi ni shimo lisilo na mwisho, alisema mtoto wa kike arudi nyumbani. Dada yangu ana duka la vitambaa hapa Embu mjini na anahitaji mtu wa kumsaidia, basi kuna haja gani msichana kupakiwa ndani ya chuma kila asubuhi na watu asiowajua?

Nikasema siamui kwa maneno ya watu. Nitakwenda niipande hiyo treni mwenyewe. Ikiwa salama, binti abaki na kazi yake. Ikiwa si salama, namrudisha nyumbani, na asinung'unike mtu. Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakusema kitu. Nilichukulia kwamba amekubali, maana ndivyo ninavyomchukulia mke wangu siku zote anaponyamaza.

Mimi ni mchinjaji, na baba yangu alikuwa mchinjaji. Ng'ombe simnunui kwa kuelezwa. Nikienda mnadani kule Mbeere, humzunguka mnyama kwanza, nikamtazama kwato, nikamfungua mdomo, nikamtembeza. Mwenye mnyama hukasirika, na mimi hujifanya sikumsikia. Ndivyo nilivyopanga kuifanyia hiyo treni.

Bucha niliwaachia vijana wangu wa kazi, nikaondoka. Binti yangu anapanga chumba upande wa mashariki wa jiji. Alinipokea kwa furaha iliyonitia aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekuja kama askari. Alinipikia, akanitandikia, akaniambia, "Baba, utaona mwenyewe. Train ni salama kabisa. Matatu ndio stress." Neno hilo, salama, nilikuwa nimelizoea. Kila jioni alitupigia simu mama yake na mimi tukiwa sebuleni, na maneno yake ya kwanza yalikuwa yale yale, nimefika salama. Mimi nilijibu alhamdulillahi, nikarudi kwenye habari zangu za televisheni.

Asubuhi nilijitayarisha kama mtu anayekwenda vitani. Simu niliitia ndani ya soksi. Binti aliniona nikichechemea akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba, sasa ikilia utafanya aje?" Nikamwambia ikilia italia.

Kilichonishtua kwanza stesheni ni watu. Nimeona soko la Embu likifurika, nimeona mazishi ya watu wakubwa, lakini sijawahi kuona watu wengi namna ile wakiwa kimya. Walisimama wakitazama upande mmoja, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Nilimsalimia mzee mmoja karibu yangu, akanitazama kana kwamba nimemwomba figo. Treni ilipoingia, jukwaa lilitetemeka chini ya viatu vyangu nikarudi nyuma hatua mbili, sitaficha.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Nikainama nikatazama vyuma vinavyounganisha mabehewa, nikaangalia kama kuna kilicholegea. Mlinzi alinijia mbio. "Mzee, unatafuta nini huko chini?"

"Naangalia magurudumu."

"Na ukiyapata?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, nami nikainuka kwa hasira nikipangusa magoti. Niligeuka kumtafuta binti yangu ili angalau yeye aniunge mkono, nikamkuta amebadilika. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. Alikuwa amehamisha mkoba wake kutoka ubavuni akauweka kifuani. Kisha alivuta ncha ya mtandio wake, akaingiza mkono wa kulia chini yake, na nikaona vidole vikicheza ndani ya kitambaa. Nilidhani anahesabu dua ya safari kwa vidole, kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo. Kifua changu kilijaa. Nilijiambia, huyu hajapotea, mji haujamla.

Tulipoingia alinionyesha chuma karibu na mlango. "Baba, shika hapa na usiachilie hata ukisukumwa. Mimi nitakuwa kule kwa kona na akina mama." Nikaona ni adabu tu, kwamba amenipa mahali pazuri. Akapenya kati ya watu, nikabaki nikiuona mtandio wake wa zambarau kwa mbali.

Niliendelea na ukaguzi. Mlango haukufungwa, na vijana waliokaa hapo walining'iniza miguu nje wakipiga domo. Hilo nililihesabu kuwa baya. Lakini nilifikiria pia barabara yetu ya kwenda Meru, zile kona, yale malori, na madereva wanaotaka kupita gari lingine mahali ambapo hata mbuzi angesita. Treni haipiti mwenzake. Treni haina kona ya kushangaza. Haikimbii. Kufikia stesheni ya tatu au ya nne, jasho likinitiririka na kiwiko cha mtu kikiwa mbavuni mwangu, nilikuwa nimeshaipasisha. Nilianza hata kutunga maneno nitakayomwambia mama yangu, na nitakavyomnyamazisha yule mtu wa Manyatta na breki zake.

Wakati huo treni iliyumba, sote tukaegemea upande mmoja, na nikaona mtandio wa zambarau ukienda na kurudi. Binti yangu hakuwa na kitu cha kushika. Sikufikiri. Niliachilia chuma nikaanza kujipenyeza kuelekea kwake, samahani, samahani, nikakanyaga watu, nikatukanwa, nikafika nyuma yake. Yeye alikuwa anatazama mbele. Kwa ufahamu wake mimi nilikuwa bado mlangoni.

Hapa lazima nieleze jambo la kazi yangu. Mnyama anayeyumba ndani ya lori humsemeshi. Ukimwita atageuka ghafla, na akigeuka ataanguka au atakupiga teke. Unamjia kwa nyuma kimya, unamwekea kiganja chote juu ya nyonga, unakiacha hapo kikiwa kizito mpaka ajue ameshikwa. Nimefanya hivyo tangu ujana wangu, na mkono wangu siku hizi hauulizi kichwa. Treni ilipoyumba mara ya pili, niliweka kiganja changu kwenye nyonga ya mwanangu.

Hakugeuka. Hakupiga kelele. Bega lake lilishuka kidogo tu, na kitu kikaingia kwenye nyama ya mkono wangu, hapa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kiliingia mpaka ndani, kikasokotwa, kikatoka. Yote hayo aliyafanya huku akiendelea kutazama mbele, kama mtu anayekuna mguu. Mimi nimeshika visu maisha yangu yote. Najua mkono unaojaribu na najua mkono uliozoea, na huo ulikuwa mkono uliozoea.

Nilimaka kwa uchungu. Ndipo akageuka, na kabla hajanitambua niliuona uso wake. Nimemlea tangu siku aliyozaliwa. Nimemwona akilia, akiringa, akinuna, akidanganya. Uso ule sikuwahi kuuona. Haukuwa na hasira wala hofu. Ulikuwa uso wa mtu aliyegeuka kuhakikisha kazi imekwisha.

"Amekushika?" mama mmoja mnene aliuliza kando yake. Wanawake kwenye kona ile walikuwa wamegeuka wote kwa pamoja, mmoja ana mwavuli, mwingine amekunja kiwiko, na nilielewa kwamba hawakuwa wamesimama pale kwa bahati.

"Nani, huyu mzee?"

"Wazee ndio wabaya zaidi."

Mimi, ambaye nikipita mtaani kwetu watu huniamkia kutoka vibarazani, ambaye hupangwa safu ya mbele msikitini, nilisimama katikati ya watu nikichuruzika damu. Nilitaka kusema mimi ni nani. Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na katika mkono huo niliiona pini ndefu ya mtandio, ile yenye kichwa cha shanga.

"Ni baba yangu," akasema.

"Baba yako?"

"Baba yangu mzazi. Ametoka Embu jana."

Yule mama mnene hakuridhika. Alinitazama kuanzia kofia mpaka soksi iliyovimba, kisha akamgeukia binti yangu na kumwuliza kwa sauti ya chini, lakini nilisikia vizuri, "Kama anakulazimisha useme hivyo, tuambie saa hii. Tuko hapa." Ikabidi mtoto wangu awaapie watu kwamba mimi ni baba yake. Tuliendelea na safari hivyo, tumesimama karibu karibu, bila kutazamana. Mkono niliubana kwapani.

Tuliposhuka alinipeleka kwenye kibanda cha chai karibu na stesheni, akanunua maji na dawa ya kuua vijidudu, akaanza kuniosha. Sasa alikuwa analia. "Baba, kwa nini hukuongea? Ungesema tu ni wewe." Ningemwambiaje kwamba nilimshika kama ng'ombe?

Nikamwuliza ni mara ngapi. Aliendelea kufuta mkono wangu. "Si kila siku," akasema.

Maneno hayo matatu yalinipiga kuliko pini. Alikuwa ameyasema kunituliza. Nilimwuliza mbona kila jioni anatuambia amefika salama, na akanishangaa kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua ni maji. "Si huwa nimefika? Baba, hii train ni poa. Kuna ile kona yetu. Tunajuana. Msichana mgeni akiingia tunamvuta huku. Kwa matatu uko peke yako." Alikuwa anaitetea treni yake. Alikuwa anaipigia debe mbele yangu, huku ameshika pamba yenye damu.

Hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yakivuma. Nilimwambia imekwisha. Afunge mizigo, arudi nyumbani, duka la shangazi lipo, atakula na atavaa na hakuna mshenzi atakayemgusa. Nilitarajia abishane. Amerithi ubishi wangu, kila mtu husema hivyo. Badala yake akasema, "Sawa, Baba. Wanataka jibu kesho. Ukifika ongea na Mama kwanza, halafu unipigie." Kisha akatazama saa, akanibusu mkono ule uliofungwa, akaenda kazini.

Nilirudi Embu siku hiyo hiyo. Njia nzima nilikuwa nikipanga hotuba, na nilipoingia nyumbani jioni niliianza kabla sijavua viatu. Nilimwambia mke wangu mtoto anarudi. Nilimwambia Nairobi ni jiji la wanyama. Nilieleza juu ya mlango usiofungwa, vijana, msongamano, na nilipofika kwenye jambo lenyewe nikaanza kuzungukazunguka, maana sikujua mwanamume anamwelezaje mke wake jambo kama hilo juu ya mwana wao. Aliinuka, akauchukua mkono wangu, akafungua kitambaa. Akalitazama tundu lile lililovimba pembeni.

"Ni yeye?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Alizungusha," akasema, si kwa kuuliza. Akakifunga tena kitambaa vizuri zaidi ya kilivyokuwa. "Nilimwambia asizungushe ila akiendelea kushikwa. Ulikuwa umemshika sana?"

Nilimwuliza kama alijua. Akasema alijua. Nikamwuliza basi ilikuwaje akamwacha mtoto aende Nairobi na jambo kama hilo, akampa pini badala ya kumwita nyumbani, na hapo mke wangu akaketi.

"Hiyo pini sikumpa ya Nairobi," akasema. "Nilimpa alipoingia form one."

Shule yake ile ya sekondari iko hapa hapa. Ni mwendo wa miguu kutoka mlangoni kwetu. Unapita stendi, unapita soko, unapita maduka ambayo mimi nawajua wenyewe wote na baba zao.

"Hapa Embu?" nikauliza.

"Hapa. Pale stendi, na pale sokoni siku ya soko watu wakijaa. Na mimi nilipewa na mama yangu kwetu Meru nilipoanza kutumwa dukani." Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Unasema arudi asiguswe. Nimekusikiliza tangu wiki jana ukisema treni, treni. Nikasema wacha uende ukaone mwenyewe. Huko mtoto ana kona ya wanawake. Hapa dukani kwa shangazi atakuwa na nani?"

Nilitaka kukasirika, lakini hasira haikupata pa kukaa. Nilimwuliza ni kina nani. Nilitaka majina. Nilikuwa tayari kutoka wakati ule ule na kisu changu kirefu, Mungu anisamehe. Mke wangu alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Nikikutajia utafunga bucha," akasema. "Wengine ni wateja wako."

Simu ililia tukiwa bado tumekaa hivyo. Mke wangu aliiweka sauti ya nje kama kawaida yetu. "Nimefika salama," binti yetu akasema. Kwa mara ya kwanza sikujibu alhamdulillahi. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake honi za jiji. "Baba amesemaje?"

Mke wangu alinisogezea simu. Nilikuwa nimekwenda kukagua breki. Nilikuwa nimeinama mbele ya umati nikitazama magurudumu. Na hapa nyumbani nilikuwa na wanawake wawili ambao sikuwahi hata kuwauliza wanapitaje kufika sokoni. Nilimwambia binti yangu akubali kazi. Sauti yangu ilitoka mbaya, akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni mafua ya safari.

Alipokata simu nilimwuliza mke wangu kama na yeye bado anabeba pini. Tumeoana miaka mingi, tutapata wajukuu karibuni inshallah, nywele zake zimeanza kuwa nyeupe. Alikunjua pindo la mtandio aliouvaa, karibu na kifundo cha mkono, akanionyesha. Ilikuwa pini ya zamani, kichwa chake kimechakaa, na imenyooka kabisa.

Nikamwuliza leo alikwenda nayo wapi.

"Buchani kwako tu," akasema. "Kuchukua nyama ya jioni."